Ardhi ya Pawasaplai ya Valvu: Waya Mmoja Hautoshi

Fundi wa Gitega au Muyinga anayejaribu amplifaya za valvu ana umeme wa aina mbili mezani: volti 220 za ukutani, na volti 300 hadi 450 za DC ambazo pawasaplai huzipeleka kwenye anodi. Kila mmoja una kinga yake, na wengi huumia kwa kudhani waya wa ardhi unatosha kwa zote mbili.

Soketi ya Burundi ni ya mtindo wa Kifaransa, yenye pini ya ardhi inayochomoza. Plagi nyembamba ya miguu miwili huingia bila kuigusa, na ekstensheni nyingi za bei nafuu hazina waya wa tatu. Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, kuna pia vifaa vya Tanzania vyenye plagi ya miguu mitatu bapa, na adapta mara nyingi huiacha ardhi njiani. Chomoa plagi, pima kwa mita toka tundu lake la ardhi hadi fremu ya chuma. Isome chini ya omu moja.

Ukishafika nje, waya wa ardhi unautegemea udongo. Kiangazi udongo ukikauka, fimbo ya shaba iliyochomekwa nyuma ya nyumba inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50. Waya wa moto ukigusa fremu, 220 gawanya kwa 50 ni ampea 4.4. Breka ya ampea 16 haishtuki, na fremu inabaki na karibu volti 220 zote! Kinachookoa ni breka ya kuvuja ya miliampea 30, inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Fundi mwenye pesa kidogo ainunue kabla ya valvu.

Lakini breka hiyo haioni ng'ambo ya transfoma. Ukishika volti 400 kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, mkondo unapita kifuani na kurudi kwenye sekondari. Upande wa ukutani hakuna kilichovuja. Huku kinga ni mkono mmoja mfukoni na rezista ya kumaliza chaji. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye volti 400 ina jouli 8, nazo ni za kuogopwa. Rezista ya kilo-omu 100, wati 5, iliyofungwa moja kwa moja juu yake, huishusha chini ya volti 3 kwa sekunde 50. Hata hivyo, pima kabla ya kugusa.

Amplifaya ikivuma, usikate ardhi kamwe. Weka rezista ya omu 10 kati ya ardhi ya sauti na fremu, sambamba na diodi mbili nene zinazoelekeana kinyume. Fremu yenyewe ibaki imefungwa kwenye ardhi. Upe waya wa ardhi bolti yake peke yake, si ile inayoshika transfoma: kwangua rangi hadi chuma king'ae, tia washa ya meno na nati mbili. Waya huo uache mrefu kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kung'oka.