Makala ya Kusoma na Makala ya Kupikia

Katika kitivo chetu, makala ni andiko kama hili. Kwa mama anayepika sombe Goma, makala ni mkaa, sawasawa na katika Kilingala. Ndiyo maana WWF iliuita EcoMakala mradi wake ulioanza mwaka 2007: wenye mashamba wa Kivu ya Kaskazini wapande miti yao wenyewe, ili jiko la Goma lisile msitu wa Virunga.

Nilikwenda Kashebere, Masisi inapokutana na Walikale, kukusanya msamiati wa miti katika Kihunde na Kinyanga. Dodoso langu lilikuwa na mstari mmoja: "kukata mti". Mjomba wangu, mwenye miti yake mlimani, aliuliza, "Mti gani?"

Swali hilo lina maana. Mkaratusi ukikatwa haufi. Hukatwa karibu na ardhi, kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Kisiki huchipua, machipukizi yakishika nguvu, huachwa mawili au matatu na mengine huondolewa. Kisiki kimoja huweza kuvunwa hivyo mara kadhaa. Lakini muwati (Acacia mearnsii) kwa kawaida hauchipui vizuri. Ukishaukata, unaanza upya kwa mbegu, nazo ni ngumu: humwagiwa maji ya moto, zikaachwa humo hadi yapoe, ndipo zipandwe.

Kwa hiyo kitenzi kimoja kinaficha matendo mawili: kuvuna na kumaliza.

Mjomba aliongeza la tatu, kukata kwa hofu. Mkaratusi wa makala unahitaji miaka kama saba, na anayejua kwamba huenda akakimbia vita kesho hangoji. Anakata vijiti, anapata makala machache, na mwaka unaofuata anaingia msitu usio wake. Yeye amegawa shamba vipande saba, anakata kimoja kila mwaka. Mwaka mmoja baada ya kipande cha saba kukatwa, cha kwanza kimekomaa tena.

"Na mkikimbia, mjomba?"

"Weye unasomaka maneno," akanijibu. "Soma na kisiki. Tutakimbia siye, yeye atabakia."

Dodoso langu sasa lina mistari mitatu. Mwenzangu utakayekusanya vitenzi vya kilimo, kabla ya kuuliza neno, uliza kwanza mti gani, na nini kitabaki baada ya panga.