Feri ya Likoni na Wasafiri Wake

Mji wa Mombasa umejengwa juu ya kisiwa, na kila aishiye bara akawa na kazi kisiwani hana budi kuvuka maji. Upande wa kaskazini kuna daraja la Nyali. Daraja la kwanza la mahali hapo, lililoelea juu ya maji, lilijengwa mwaka 1931, na hili litumikalo leo lilimalizika mwaka 1980. Lakini kusini, kule Likoni, watu na motokaa huvuka kwa feri, kwa kuwa mlango huo wa bahari ndio njia ya meli kubwa ziingiazo bandari ya Kilindini.

Idadi ya watu wavukao Likoni kwa siku hukadiriwa kupita 300,000. Wengi wao ni wafanya kazi wa bandarini, madukani na majumbani, pamoja na wanafunzi na wachuuzi. Kwa desturi mtu atokaye Ukunda hupanda matatu mpaka Likoni, huvuka kwa feri, kisha hupanda matatu nyingine au hutembea kwa miguu mpaka kazini. Nauli ya gari huilipa mara mbili, ila katika feri mwenda kwa miguu halipi kitu. Mwenye motokaa ndiye alipaye. Asubuhi msongamano huwa upande wa Likoni, na jioni huhamia upande wa kisiwani.

Abiria wengi hunung'unika feri ikawiapo, na yafaa wajue sababu zake. Kwanza, meli ikiingia au ikitoka bandarini, feri husubiri ipite, maana meli kubwa haiwezi kusimama ghafula wala kugeuka upesi katika mlango mwembamba. Pili, feri moja ikiondolewa kwenda kutengenezwa, zilizobaki huchukua watu wake. Tatu, watu na motokaa hawawezi kupakiwa kwa pamoja bila hatari, na kwa hiyo hupewa zamu.

Lililo kubwa kuliko kukawia ni usalama. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani na Likoni, ilipinduka karibu na ufuko, na watu 272 wakafa. Ilikuwa imepakia watu kupita kiasi chake. Feri ni chombo kipana kisichozama sana majini, na usawa wake hutegemea uzito uenee pande zote. Watu 100 wana uzito upatao tani sita. Wakikimbilia wote upande mmoja kwa tamaa ya kushuka kwanza, ni sawa na kuhamisha lori katikati ya safari. Ndiyo sababu walinzi hufunga malango hata feri ionekanapo ingali na nafasi, na ndiyo sababu abiria huombwa wasisogee mbele kabla feri haijafika ufukoni.

Wenye motokaa nao wana wajibu wao. Mwezi wa Septemba 2019 motokaa moja iliteleza kutoka katika feri ya Likoni ikazama, na watu wawili waliokuwamo wakafa. Dereva azime injini, akaze breki ya mkono, wala asiiwashe tena mpaka feri itue na aruhusiwe kutoka.

Njia za kupunguza msongamano zimeongezwa. Barabara ya Dongo Kundu huwawezesha wenye magari kufika Pwani ya Kusini bila kupanda feri, na mwaka 2021 daraja la waenda kwa miguu, lielealo juu ya maji, lilifunguliwa Liwatoni. Hata hivyo feri ingali tegemeo la watu wengi. Mfanya kazi akiondoka nyumbani nusu saa mapema hatalazimika kusukumana langoni, wala hatajuta kuiacha feri iliyojaa. Wahenga walisema, kawia ufike.