Kabla ya kuchagua chale, ichunguze ngozi yako

Ukipanda matatu mjini Kitale, ukapitia Kiminini na Webuye hadi ushukie Kanduyi, Bungoma, si ajabu ukaketi na abiria mwenye chale. Barobaro amechorwa simba begani. Kipusa ana kipepeo karibu na kifundo cha mguu. Mwingine ameandikwa jina la mtoto wake kifuani. Zamani wengi walidhani mambo haya ni ya mabaharia na wanamuziki wa ng'ambo.

Hata hivyo, wazee watakwambia si mageni. Wapo akina nyanya wa Kibukusu waliochanjwa wakiwa wasichana, nao Wapokot na Waturkana wana chale zao. Tofauti ni kwamba nyanya alikatwa ngozi kusudi kovu livimbe lionekane, na huo ndio uliokuwa urembo. Mjukuu wake anachomwa sindano yenye wino, naye anataka ngozi ibaki laini. Lakini ngozi ni ile ile ya nyanya.

Majuzi katika safari hiyo niliketi kando ya dada mmoja ambaye jina lililoandikwa kifuani mwake lilikuwa limetuna kama kamba, halisomeki tena. Alisema lilipona vizuri, kisha baada ya miezi minne likaanza kuwasha na kuvimba. Sasa hufunga shuka hata jua likiwa kali.

Madaktari huita kovu la namna hiyo keloidi. Huendelea kukua hata baada ya kidonda kupona, likavuka mipaka ya kidonda chenyewe. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa kati ya umri wa miaka 10 na 30, na hurithiwa katika jamaa. Isitoshe, likikatwa kwa kisu pasipo matibabu mengine, mara nyingi hurudi likiwa kubwa kuliko awali.

Je, utajuaje kama wewe ni mmoja wao? Utazame mkono wako wa kushoto, pale ulipochanjwa dhidi ya kifua kikuu ukiwa mtoto mchanga. Kovu dogo ni la kawaida. Likiwa limetuna na kupanuka, achana na chale kabisa. Angalia pia masikio yaliyotobolewa, kisha umuulize mama kuhusu ndugu zake. Na hata usipoona dalili yoyote, epuka kifua, mabega na sehemu ya juu ya mgongo, kwa maana huko ndiko keloidi hupenda kuota. Ajabu ni kwamba huko ndiko vijana hupenda kuchorwa!

Tukija kwenye michoro yenyewe, inayopendwa sana ni majina na maandishi, kisha wanyama, maua na sura za watu. Maandishi membamba yaliyobanana hupendeza wiki ya kwanza tu. Wino husambaa polepole chini ya ngozi, na miaka ikipita tundu za herufi huziba. Afadhali herufi kubwa zilizoachana. Sura ya mtu huhitaji fundi stadi anayejua kuacha ngozi tupu iwe ndiyo mwangaza wa picha. Rangi ya manjano na nyeupe hazionekani vyema kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu wino hukaa chini ya tabaka lenye rangi ya ngozi yetu. Nyekundu ndiyo inayoongoza kwa kuleta mwasho na mzio. Michoro ya mistari minene myeusi, kama ile ya visiwa vya Pasifiki ambako neno tatuu lilitoka, hutufaa zaidi. Usimwoneshe fundi picha ya Mzungu kwenye simu ukamwambia, "Nataka hii." Mwambie akuoneshe kazi yake iliyokwisha kupona kwenye ngozi kama yako.

Wapo wanaojaribu kwanza kwa kupakwa piko. Hina halisi huacha rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva na kwa kawaida haina neno. Piko nyeusi ti mara nyingi ina dawa ya kupaka nywele, ambayo huweza kuchoma ngozi ikatoa malengelenge na kuacha alama. Aliyedhurika hivyo anaweza kudhurika tena siku atakapopaka nywele rangi.

Fauka ya hayo, kuna hatari ya damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7, kwenye sindano au ndani ya kikopo cha wino kilichochovywa kwa mwingine. Kupitisha sindano kwenye mshumaa hakutoshi. Sindano ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe kwenye kikopo kipya, na fundi avae glavu mpya. Akikasirika ukiuliza, ondoka.

Watoto wa Kenya walianza kupewa chanjo ya homa hiyo mwishoni mwa 2001. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata. Ulizia hospitalini. Mtu mzima hudungwa mara tatu kwa muda wa miezi sita, na muda huo unatosha kuufikiria mchoro wako upya.