Mwanao anaunda skeitibodi uani? Mwulize usiku, si mchana tu

Shule zikifungwa, ua wa baadhi ya nyumba hugeuka karakana. Kijana ametazama video, ubao ameupata kwa fundi seremala, na sasa anataka kuunda mwenyewe vile vyuma vya chini vinavyoshika magurudumu ya skeitibodi na kuifanya ikate kona mchezaji anapouelemea ubao upande mmoja. Wachezaji huviita traki. Kampala wana uwanja wa mchezo huu Kitintale, Nairobi wana wa Shangilia, lakini vifaa vyake ni adimu madukani na bei inawashinda wengi. Ndiyo maana vijana wanajitengenezea.

Si kazi ya kubeza. Ekseli yake ni ya milimita 8, kwa sababu beringi zinazotumika, namba 608, zina tundu la ukubwa huo. Inahitaji pia bolti kuu ya katikati, bushi za mpira na kitako cha kuifunga kwenye ubao. Hapo ndipo grinda, nyundo na mashine ya kuchomelea vinapoingia nyumbani.

Sina ugomvi na kijana anayetumia mikono yake. Kinachonisumbua ni kwamba madhara mengi ya kazi hii hayajitokezi saa ileile. Huja usiku, vifaa vimeshafungiwa stoo, na mzazi hawazi kabisa kuhusu chuma.

Chukua macho. Mwanga wa kuchomelea una mionzi ya urujuanimno inayounguza konea, yaani utando mwangavu wa mbele ya jicho. Mchana kijana hahisi kitu. Saa 6 hadi 12 baadaye anaamka analia, macho yote mawili mekundu, yanatoa machozi, kama yamemwagiwa mchanga, na hataki taa iwashwe. Mdogo wake aliyekuwa amechuchumaa pembeni akitazama anaweza kuamka na hali hiyohiyo. Miwani ya jua haizuii. Inatakiwa barakoa ya kuchomelea yenye kioo cha namba 10 au zaidi, na watazamaji wakae mbali.

Kwa kawaida konea hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Mpe dawa ya maumivu ya kumeza, mfunike macho kwa kitambaa safi chenye maji baridi, mlaze chumba chenye giza, na asubuhi mpeleke akapimwe. Kinachoniogopesha ni matone. Yapo matone ya ganzi ambayo mafundi huazimana kwa sababu maumivu huisha papo hapo. Yakirudiwa nyumbani huzuia konea kupona na yanaweza kuitoboa. Matone yenye steroidi nayo yasitumike bila daktari wa macho. Maziwa ya mama na dawa za majani zisiguse jicho.

Chembe ya chuma kutoka kwenye grinda ni habari nyingine. Ikikaa juu ya konea huanza kuacha pete ya kutu, na hutolewa hospitalini, si kwa ncha ya leso wala kijiti cha kiberiti. Ila inayotoka chuma kinapogongwa kwa nyundo huruka kwa kasi kubwa na inaweza kupenya hadi ndani ya jicho kupitia tundu dogo lisiloonekana. Maumivu yanaweza kuwa kidogo tu. Chuma kikibaki humo, jicho huharibika polepole hadi upofu. Kijana akikwambia kitu kilimruka na sasa anaona ukungu, au mboni imepoteza umbo lake la duara, usilioshe jicho, usilibonyeze. Lifunike kwa kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, nenda hospitali yenye daktari wa macho. Akipangiwa kipimo cha MRI, sema mapema kuhusu chuma hicho, maana sumaku ya mashine inaweza kukisogeza.

Kisha kuna homa. Mabomba ya maji na mabati yamepakwa zinki. Yakichomelewa hutoa moshi mweupe, na saa chache baada ya kuuvuta mtu hupata homa, baridi, mwili kuuma, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Nani kati yetu hatasema ni malaria? Kipimo cha malaria kifanyike bila shaka, lakini mweleze daktari alichokuwa anachomelea. Mara nyingi homa hii hupoa ndani ya siku moja au mbili. Akipumua kwa shida, msisubiri. Na yale maziwa ambayo mafundi hunywa ili yasafishe moshi ni chakula kizuri tu: yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu.

Wapo wanaoyeyusha masufuria mabovu ili wamimine traki ya alumini. Hili silikubali nyumbani. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, na unyevu kidogo kwenye kalibu hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni. Aliyeungua awekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mayai viachwe jikoni.

Traki ikikamilika, itazame bolti ile kuu. Ikiwa ina alama 8.8 kichwani, ilipewa ugumu wake kiwandani kwa joto. Kuichomelea kunaupunguza, na siku moja hukatika ikiwa mwendoni. Kijana huanguka akiwa ametanguliza viganja. Kofia ngumu italinda kichwa, lakini kifundo cha mkono kinabaki wazi. Akisikia maumivu kwenye kibonde cha chini ya kidole gumba, mkono ufungwe usitikisike hata kama picha ya X-ray inaonyesha mfupa mzima. Mfupa mdogo wa hapo unaweza kuwa umevunjika bila kuonekana siku ya kwanza, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.