Kidonge Kile Kile, Bei Tofauti

Ukiuliza kwa nini mtu wa Ulaya anaishi miaka mingi kuliko mtu wa kusini mwa Jangwa la Sahara, utajibiwa upesi kwamba ni umaskini. Jibu hilo lina ukweli, ila linaufanya umaskini uonekane kama ukame, balaa lililoshuka lenyewe bila mkono wa mtu. Historia ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI inatufundisha vingine. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa kimataifa uliofanyika Vancouver, Kanada, watafiti walionyesha kwamba dawa tatu zikimezwa kwa pamoja huvidhibiti virusi kiasi cha mgonjwa aliyelala kitandani kuinuka na kurudi kazini. Marekani na Ulaya Magharibi vifo vilishuka kwa kasi. Afrika, kulikokuwa na wagonjwa wengi kuliko bara lolote, watu waliendelea kuzikana, na kilele cha vifo duniani, takriban milioni 2 kwa mwaka, kilifikiwa mwaka 2004. Hiyo ni miaka minane baada ya tiba kujulikana. Maarifa yalikuwepo na vidonge vilikuwepo. Kilichovizuia visiwafikie wagonjwa kilikuwa bei, na bei ile ilisimamishwa na sheria.

Kampuni zenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwa mtengenezaji pekee, ziliuza tiba hiyo kwa dola 10,000 hadi 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India iliyoongozwa na Yusuf Hamied ilitangaza kuwa ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka tiba ya namna hiyo kwa dola 350. Siri ya tofauti hiyo haikuwa kwenye ubora wa dawa. Sheria ya India ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe, hivyo mkemia aliyegundua njia nyingine alikuwa huru kuitumia. Cipla ikaenda mbali zaidi, ikaziunganisha dawa tatu ndani ya kidonge kimoja. Katika nchi tajiri hilo lilikuwa gumu, kwa kuwa kila dawa ilikuwa na mwenye hataza wake. Jambo hili linastahili kutafakariwa: sheria iliyotungwa ili kuchochea ubunifu ilisimama njiani mwa kidonge kilicho rahisi zaidi kumeza.

Watetezi wa hataza husema kwamba bila faida hakuna atakayefanya utafiti. Hoja hiyo ina uzito, maana utafiti unagharimu fedha nyingi na majaribio mengi hushindwa. Lakini tazama fedha hizo zilitoka wapi. AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI, ilibuniwa na Jerome Horwitz mwaka 1964 akitafuta tiba ya saratani kwa ruzuku ya serikali ya Marekani. Hataza ya stavudine, moja ya dawa zilizokuwa ndani ya kidonge cha Cipla, ilikuwa mali ya Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 2001, baada ya wanafunzi na watafiti kupaza sauti, chuo na kampuni iliyokodishiwa hataza hiyo walikubali kutoitumia kuzuia dawa za bei nafuu Afrika Kusini. Zaidi ya hayo, Afrika nzima ilichangia takriban asilimia 1 tu ya mauzo ya dawa duniani. Utafiti usingekufa kwa kukosa asilimia hiyo moja. Hata hivyo kampuni 39 ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria yake ya mwaka 1997 iliyofungua mlango wa dawa nafuu, na hazikuiondoa kesi hadi Aprili 2001.

Wengine walidai tatizo ni Waafrika wenyewe. Mwaka huohuo wa 2001, Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alisema kwamba Waafrika wengi hawajui saa, kwa hiyo wasingeweza kumeza dawa kwa wakati. Yalikuwa matamshi ya aibu, na takwimu zikayakanusha. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la madaktari la JAMA ulikuta wagonjwa waliofuata tiba ipasavyo ni asilimia 77 kusini mwa Sahara, na 55 Amerika Kaskazini.

Ni kweli kwamba hata dola 350 zilikuwa mlima kwa wizara nyingi za afya, na bila Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulioanza mwaka 2002 na mpango wa Marekani wa PEPFAR wa mwaka 2003, mamilioni wangekufa. Lakini fedha hizo ziliwafikia watu wengi kwa sababu bei ilikuwa imeshuka kwanza. Leo tiba ya mwaka mzima inanunuliwa kwa chini ya dola 45, na zaidi ya watu milioni 30 wanaitumia. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, ilionekana wazi kwamba kinga ya kudumu ni bei ambayo bajeti ya nchi yenyewe inaweza kuibeba.

Hadithi inajirudia sasa. Lenacapavir, sindano ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wanawake wa Uganda na Afrika Kusini. Matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kuwa kati ya 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Nchini Marekani sindano hiyo inauzwa kwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, na watengenezaji wa India wameahidi kuiuza kwa dola 40 katika nchi 120 kuanzia mwaka 2027. Brazil, ambayo raia wake walijitolea kwa majaribio mengine ya dawa hiyo, haimo katika orodha ya nchi hizo.

Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama nchi maskini zaidi, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutotambua hataza za dawa. Uganda imekuwa na kiwanda cha dawa za kufubaza virusi pale Luzira, Kampala, tangu mwaka 2007. Serikali zetu ziitumie ruhusa hiyo sasa, kwa viwanda na kwa manunuzi ya pamoja, maana inakoma tarehe 1 Januari 2033.