Sinema Huru ya Tanzania na Suala la Mwenye Picha

Katika nchi za Ulaya na Marekani, watu wanaposema "sinema huru" aghalabu huwa na maana ya sinema iliyotengenezwa nje ya makampuni makubwa kama yale ya Hollywood. Katika Misri, neno hilo hutumika kwa kazi za vijana wasiotegemea soko la Cairo, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililolisha nchi zote za Kiarabu. Lakini Tanzania haijapata kuwa na kampuni kubwa ya namna hiyo. Kwa hiyo anayetaka kueleza sinema huru ya nchi hii hana budi kuuliza kwanza: huru kutokana na nani? Uchache wa fedha si kipimo, kwa kuwa karibu sinema zote za Tanzania zimetengenezwa kwa fedha chache. Kipimo kifaacho zaidi ni kuuliza ni nani aliye mwenye picha ikisha kupigwa. Yaani, ni nani awezaye kuiuza, kuionyesha, kuificha, au kuifasiri apendavyo.

Jambo hili laonekana vizuri zaidi mtu akisimama mbali na Dar es Salaam. Kisesa ni mji mdogo katika mkoa wa Mwanza, yapata kilomita 20 kutoka mjini Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Karibu yake pana kilima cha Bujora, ambapo Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha katika miaka ya 1950 kituo ambacho kilikuja kuwa Makumbusho ya Wasukuma. Huko, kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, hufanywa sikukuu ya Bulabo, na vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Desturi ya mashindano hayo ni ya zamani, nayo yafaa kuelezwa hapa. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huenda na kurudi baina yao. Kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana wachezaji hubuni kila mwaka vitu vipya vya kushangaza, wengine hata kucheza na chatu. Na manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga nyimbo mpya zenye jina lake ndani yake ili pasiwepo wa kumnyang'anya. Hapa mwenye kazi anajulikana, na hukumu ya watazamaji hutolewa papo hapo kwa miguu yao.

Sinema haikuingia nchini kwa njia hiyo. Kati ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kuwatengenezea Waafrika sinema za mafunzo. Fedha zake zilitoka hasa katika shirika la Carnegie la Marekani, na kazi iliongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Katika muda mfupi huo zilitengenezwa sinema yapata 35, juu ya kodi, safura, akiba ya posta, kilimo na mengineyo. Picha zilikuwa kimya, na maneno yalitiwa katika sahani za santuri ili yabadilishwe lugha kwa lugha, kisha gari likazungushwa Afrika Mashariki hata Nyasaland na Northern Rhodesia. Waafrika walionekana kwenye kitambaa na sauti zao zilisikika, lakini nini kisemwe kiliamuliwa na wengine. Hata hivyo ni haki kusema kwamba wazo la kutenganisha picha na maneno, ili kila kabila lisikie kwa lugha yake, lilikuwa la busara; nalo lilirudi miaka mingi baadaye kwa mlango mwingine, kama itakavyoonekana.

Hata ilipofika mwanzo wa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika ilipatana na kampuni moja ya Afrika Kusini kutengeneza sinema za hadithi kwa Kiswahili. Iliyokumbukwa zaidi ni "Muhogo Mchungu" ya mwaka 1952, juu ya mtu wa shamba anayefika mjini na kudanganywa na wajanja. Mwigizaji wake mashuhuri alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Nchi chache ziliwahi kuongozwa na mtu aliyejulikana kwanza kwa sura yake katika sinema.

Baada ya uhuru mwenye picha alibadilika, lakini aliendelea kuwa serikali. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikafuatwa na Chuo cha Picha na Sauti katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Denmark. "Fimbo ya Mnyonge" ilieleza siasa ya vijiji vya ujamaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka ukaguzi, na bado ndiyo msingi wa kazi za Bodi ya Filamu. Fedha za kigeni zilipokuwa haba katika miaka ya 1980, kampuni hiyo ilishindwa kununua hata filamu tupu za kupigia picha, na waongozaji wakageukia ushirikiano na wageni. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa "Arusi ya Mariamu" mwaka 1985, na kwa mikono ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, sinema ndefu ya "Maangamizi" mwaka 2001, ambamo Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliigiza. Tanzania ilipeleka "Maangamizi" katika mashindano ya Oscar. Watanzania walioiona, hata hivyo, walikuwa wachache mno.

Wakati huo huo, mambo mengine kabisa yalikuwa yakitendeka katika miji midogo. Majumba ya sinema yalikuwa yakifungwa, na televisheni binafsi zilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Mahali pasipo na televisheni za nyumbani palifunguliwa vibanda vya video: mabenchi machache, turubai au mabati, kanda za kukodi, na jenereta pasipo na umeme. Watoto walilipa senti zao wakaona picha za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani. Wengi hawakujua lugha za sinema hizo. Basi akatokea mfasiri, ambaye alikaa na kinasa sauti akieleza kila jambo kwa Kiswahili, akiwapa wahusika majina ya mtaani, akitia utani na methali, na mara nyingine kubadilisha hadithi yenyewe. Hapa ndipo picha na maneno vilipotengana tena, kama kule Vugiri, ila safari hii bila amri ya mtu yeyote.

Wanafunzi wa lugha wangefaa kuyatazama maneno yaliyotoka vibandani. "Steringi" si mwigizaji mkuu tu. Ni yule ambaye watazamaji wanajua hawezi kufa kabla ya mwisho, na mtu asiyeshindwa na shida za maisha naye huitwa hivyo. "Adui" hakuwa na haja ya jina lingine. "Mkanda" umebaki kuwa neno la sinema, ingawa mkanda wenyewe ulikwisha kuwa sahani, na sahani imekwisha kuwa kitu kisichoshikika. Lugha hii haikutungwa na kamati, nayo imeshinda maneno mengi yaliyotungwa.

Kutoka kwa watazamaji hao ndiko ilikotoka sinema iliyoitwa "Bongo muvi". Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa "Girlfriend" ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson. Kamera za video zilikuwa rahisi, na hapakuwa na mfadhili wa kuombwa ruhusa. Kwa kipimo cha uzalishaji, hii ndiyo sinema ya kwanza ya Tanzania iliyosimama bila serikali na bila wageni. Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, yaani katika nchi ile ile ya Wasukuma, alijulikana kuanzia Mwanza hadi Lubumbashi. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, maelfu ya watu walifurika Dar es Salaam kumzika.

Lakini uhuru wa kupiga picha haukuwa uhuru wa kuimiliki. Biashara ilikuwa mikononi mwa wasambazaji wachache, wengi wao wakiwa Kariakoo. Mtayarishaji alikopa au kujinyima, akapiga picha kwa siku chache, kisha "akauza masta": alipewa fedha za mara moja, na haki zote zikaenda na sahani. Kwa kuwa malipo hayakuongezeka sahani zikiuzwa sana, faida yake pekee ilikuwa katika wingi wa sinema. Ndiyo sababu hadithi moja iligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, na ndiyo sababu mtazamaji alichoshwa na wahusika wanaoendesha gari kimya kwa dakika nzima. Dakika zile zilikuwa fedha. Wakosoaji waliowalaumu waigizaji kwa uvivu hawakutazama mkataba. Msambazaji naye alikuwa na hoja, kwa kuwa wezi wa kazi walinakili sahani siku ile ile zilipotoka, na stempu za kodi zilizoanza mwaka 2013 hazikuwamaliza.

Upande wa Ziwa, suala la mwenye picha lilijitokeza kwa ukali zaidi kupitia sinema ambayo haikuwa ya Watanzania. Mwaka 2004 Hubert Sauper, mwongozaji wa Austria, alitoa "Darwin's Nightmare", iliyopigwa Mwanza. Ilionyesha sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani wakati wa ukoloni, jinsi minofu yake ilivyopakiwa katika ndege kubwa kwenda Ulaya huku maskini wakibaki na vichwa na mifupa. Nayo iliuliza kama ndege zile zilikuja tupu au zilileta silaha. Ilipata tuzo ya César Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani mjini Mwanza, na maandamano yakafanywa dhidi yake. Katika Ufaransa, mwanahistoria François Garçon alipinga ukweli wake, na ugomvi ukafika mahakamani.

Walioitetea walisema inafichua unyonyaji. Walioipinga walisema imeufanya mji mzima uwe jalala. Pande zote mbili zilikuwa na la kusema, na biashara ya sangara ilistahili maswali makali. Lakini katika makelele hayo yote jambo moja lilipita kimya: hapakuwa na sinema ya watu wa Mwanza wenyewe, juu ya ziwa lao, iliyojulikana kiasi cha kuwekwa kando ya ile ili mtazamaji alinganishe. Serikali ilijibu kwa hotuba, na hotuba haiwezi kushindana na picha.

Kizazi kilichofuata kimejaribu njia ya tatu. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, liliwapa vijana mahali pa kuona kazi za wenzao wa Afrika na nchi za Kiarabu. Sinema ya Amil Shivji, "T-Junction", ilifungua tamasha hilo mwaka 2017. Ni hadithi ya wasichana wawili wanaokutana hospitali na ya wachuuzi wa njia panda wanaotishwa kuondolewa. Mwaka 2021 alitoa "Vuta N'kuvute", kutokana na riwaya ya Adam Shafi, nayo ikaonyeshwa Toronto na kuwa ya kwanza kupelekwa Oscar na Tanzania tangu "Maangamizi". Mwaka huo huo ilitoka "Binti" ya Seko Shamte, juu ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, ambayo baadaye iliingia Netflix. Waongozaji hawa hawauzi masta. Hukusanya fedha kwa mikataba mingi midogo, hubaki na haki zao, na Kiswahili chao hakimwombi radhi mgeni.

Ila kwa mtu wa Kisesa, sinema hizi ziko mbali kuliko zilivyokuwa kanda za kibandani. Zinapita katika matamasha, katika kumbi chache za miji mikubwa, na katika mitandao inayolipiwa kila mwezi. Kinachofika Kisesa kwa wepesi ni michezo ya chaneli kama Sinema Zetu ya Azam, na zaidi ya hayo ni kile kinachopita simu kwa simu. Na katika simu hizo, kitu kinachotazamwa sana Usukumani ni picha za waimbaji wa Kisukuma: manju amesimama mbele ya ng'ombe au mawe makubwa ya kwao, wachezaji nyuma yake, na namba ya simu imeandikwa chini ili mwenye harusi amwite. Wataalamu wa sinema hawazihesabu picha hizi. Lakini fedha zake ni za manju, lugha ni yake, na jina lake bado limo ndani ya wimbo kama ilivyokuwa katika uwanja wa Bagika na Bagalu.

Ugumu uliobaki ni wa ngoma zenyewe. Kila Juni pale Bujora kamera na simu hunyanyuliwa kwa mamia, na mchezo wa chatu uliobuniwa kwa kazi ya mwaka mzima huweza kuonekana kesho yake katika ukurasa wa mtu ambaye wachezaji hawamjui. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inagusa sanaa za jadi, lakini iliandikwa kabla ya kila mkulima kuwa na kamera mfukoni. Vyama vya ngoma vikishindana leo, kundi linaloshinda uwanjani kwa wingi wa watu linaweza kuwa ndilo linalopigwa picha zaidi na kulipwa kidogo zaidi.