Akiba ya Mzee Isilale Bure

Ndugu wanachama,

Wazee wetu wengi kisiwani huweka fedha zao sandukuni, na sanduku likawa chini ya kitanda. Mwaka 2025 ulituonyesha hatari yake. Tangu tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa nafasi ya kubadilisha noti za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003. Ilipopita siku ile ya mwisho, noti hizo hazikuwa fedha halali tena. Aliyechelewa kufungua sanduku alibakiwa na karatasi.

Basi benki ni bora. Lakini kuvuka mpaka Kilwa Masoko, au kusafiri mpaka Lindi, na kukabidhi fedha dirishani hakutoshi. Yafaa mtu ajue fedha zake zimewekwa kwa namna gani.

Katika miaka hii ya karibuni akaunti ya akiba ya kawaida imekuwa ikitoa kiasi cha 3 kwa mia kwa mwaka, na amana ya muda maalumu ya miezi 12 kiasi cha 8 au 9 kwa mia. Tuchukue mfano wa mzee mwenye Shs. 2,000,000/-. Katika akaunti ya kawaida, kwa 3 kwa mia, atapata 60,000/-. Kodi ni sehemu moja ya kumi, zitabaki 54,000/-. Katika amana ya 9 kwa mia atapata 180,000/-, na baada ya kodi 162,000/-. Sasa tukumbuke kuwa bei za vitu nazo zimekuwa zikipanda karibu 3 kwa mia kwa mwaka. Kwa hivyo yule wa kwanza, ijapokuwa hesabu yake yaonekana kuongezeka, kwa kweli anarudi nyuma.

Tena kiwango hicho si kimoja kwa benki zote. Kila benki ina chake, na mwenye fedha nyingi huweza kupatana. Ulizeni benki mbili au tatu kabla ya kutia sahihi.

Lakini tuwe na hadhari. Amana ya muda maalumu ikivunjwa kabla ya siku zake, faida hupungua au hupotea. Mzee hupatwa na maradhi bila ya taarifa, na mapato hayawi sawasawa kila mwaka. Kwa hivyo fedha zigawanywe: sehemu ya matumizi ibaki katika akaunti ya kawaida, nyingine iwekwe miezi 6, na nyingine miezi 12. Ulizeni pia, muda ukiisha, je, benki itairudisha fedha au itaifunga tena yenyewe?

Wako wazee wasiotaka riba, nasi twawaheshimu. Kwao ziko benki zifuatazo sharia, kama Amana Bank, iliyoanza 2011, na huduma ya Al Barakah ya CRDB. Huko mtu hugawiwa faida ya biashara, wala haahidiwi kiasi maalumu tangu mwanzo.

Mwisho ni usalama. Tangu 2023 Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye akiba mpaka Shs. 7,500,000/- benki yake ikifilisika. Mwenye zaidi ya hizo na agawanye katika benki mbili. Bima hii haimhusu mtu apitaye majumbani na kuahidi kuzidisha fedha maradufu kwa mwezi. Huyo msimpe hata senti.

Mzee asiyeweza kusoma karatasi za benki na aje ofisini kwetu, tutamsomea neno kwa neno. Lakini fedha na namba yake ya siri abaki nazo mwenyewe, asimpe mtu, hata sisi.

Wenu,
Katibu wa Chama